Nyuzi nyingi si mwendo: jinsi mitambo inavyosafirisha bei za soko

BEI ya hisa inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta ya dalali haifiki pale yenyewe. Hufungwa katika vifurushi vidogo, vikaandikwa anwani na kupelekwa kwa waya, kama magunia ya mpunga yanavyotoka ghalani kwenda sokoni. Mzigo ukichelewa njiani, mnunuzi hununua kwa bei iliyokwisha kupita.

Alhamisi ya Agosti 22, 2013, saa sita na dakika 14 mchana kwa saa za New York, biashara ya hisa zote zilizoorodheshwa katika soko la Nasdaq nchini Marekani ilisimamishwa. Haikurejea mpaka saa tisa na dakika 25. Hapakuwa na vita, wala benki iliyoanguka. Kilichozidiwa ni mtambo mmoja wa kompyuta ambao kazi yake ni kupokea bei kutoka masoko mbalimbali na kuzisambaza kwa wote. Kwa zaidi ya saa tatu, mwenye hisa za Apple au Microsoft hakuweza kuuza wala kununua.

Wiki hii ukurasa huu unaeleza mitambo ya namna hiyo inavyosanifiwa, na kwa nini mingine hukwama. Hili linamhusu mwekezaji mdogo kwa sababu mbili. Kwanza, oda yake hupita humo, atake asitake. Pili, kampuni nyingi za mawasiliano, za malipo kwa simu na za udalali huja kwake zikitafuta mtaji, na hujisifu kwamba programu zao hufanya kazi kwa "nyuzi" nyingi kwa wakati mmoja. Maneno hayo hupendeza masikioni, lakini peke yake hayathibitishi kitu. Mwendo hutokana na jinsi nyuzi hizo zilivyogawiwa kazi, na hasa na jinsi zilivyopangwa ili zisingojane.

PAKITI NA MUDA WAKE

Data katika mtandao husafiri katika vifurushi viitwavyo pakiti. Kila pakiti ina anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda, na mzigo wenyewe, mathalani bei ya hisa na idadi inayouzwa. Pakiti ndogo kabisa katika mtandao wa kawaida wa ofisini ina baiti 64. Ukiongeza alama za kuitanguliza na nafasi inayoachwa kati yake na nyingine, huchukua nafasi ya baiti 84 kwenye waya.

Sasa tupige hesabu. Waya wenye uwezo wa gigabiti 10 kwa sekunde, ambao kwa vituo vya kompyuta ni wa kawaida kabisa, unaweza kupitisha pakiti ndogo milioni 14.88 kila sekunde. Maana yake kila pakiti ina nanosekunde 67 tu. Nanosekunde moja ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Prosesa ya kompyuta yenye mwendo wa gigahezi 3 hupiga mizunguko kama 200 tu katika muda huo, kisha pakiti inayofuata iko mlangoni.

Mizunguko 200 ni michache kuliko inavyoonekana. Prosesa ikihitaji kitu ambacho hakiko katika kumbukumbu yake ya karibu, ikalazimika kukifuata kwenye kumbukumbu kuu ya kompyuta, safari hiyo moja inaweza kumaliza muda wote wa pakiti. Ni kama muuza duka anayelazimika kwenda ghalani kwa kila mteja anayetaka kibiriti.

Pakiti zikiwa kubwa, hali huwa nafuu. Zenye baiti 1,518 hupita kiasi cha 812,000 tu kwa sekunde katika waya uleule. Bahati mbaya taarifa za bei kwa kawaida ni fupi na nyingi, na huja kwa kishindo soko linapofunguliwa au habari kubwa inapotangazwa.

KWA NINI NYUZI NYINGI

Uzi, kwa lugha ya watengenezaji wa programu, ni mfululizo mmoja wa maagizo ambao kompyuta huufuata hatua kwa hatua. Msomaji aufananishe na karani mmoja anayeshughulikia mteja mmoja baada ya mwingine. Programu yenye nyuzi nyingi ni ofisi yenye makarani wengi.

Zamani hapakuwa na haja kubwa ya kuajiri makarani wengi. Kila baada ya muda mfupi ilitoka prosesa yenye mwendo mkubwa zaidi, na programu ileile ikaenda kasi bila kuguswa. Kuanzia kiasi cha mwaka 2005 mbio hizo zilipungua sana kwa sababu ya joto na umeme. Watengenezaji wakaanza kuweka viini viwili, vinne, kisha makumi ya viini ndani ya prosesa moja. Kila kiini kinaweza kuendesha uzi wake. Tangu hapo, anayetaka mwendo zaidi hana budi kugawa kazi.

Hata hivyo, mgawo huo una mipaka iliyojulikana tangu mwaka 1967, pale mhandisi wa Marekani Gene Amdahl alipoieleza. Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa sehemu moja ya tano ya kazi lazima ifanywe na mtu mmoja kwa zamu, basi hata ukileta makarani elfu moja, kazi nzima haiwezi kwenda kasi zaidi ya mara tano. Ukiwa na makarani wanne utapata kasi ya mara mbili na nusu. Ukiwaongeza mpaka wanane utapata mara tatu na theluthi moja. Umelipa mishahara maradufu, faida imeongezeka kwa theluthi tu.

Mwekezaji akumbuke hesabu hiyo kila anapoambiwa kwamba kampuni itaondoa msongamano kwa kununua kompyuta zenye viini vingi zaidi.

GHARAMA YA KUFULI

Tatizo kubwa zaidi ni daftari moja linalotumiwa na wote. Makarani wanane wakiandika katika daftari moja kwa wakati mmoja, hesabu zitavurugika. Dawa ya kawaida ni kufuli: anayeandika hulifunga daftari, wengine husubiri mpaka amalize. Hesabu huwa salama, lakini foleni imehamia ndani ya ofisi yenyewe.

Kampuni ya LMAX ya London, inayoendesha soko la fedha za kigeni kwa kompyuta, ilipima gharama hiyo na kutangaza matokeo mwaka 2011. Jaribio lilikuwa jepesi: kuongeza moja kwenye hesabu, mara milioni 500. Uzi mmoja usio na kufuli ulimaliza kwa sekunde 0.3. Uzi huohuo ulipotakiwa kufunga na kufungua kufuli kila mara, ulichukua sekunde 10. Walipoongeza uzi wa pili, wote wawili wakigombea kufuli moja, kazi ileile ilichukua sekunde 224.

Msomaji azisome tena tarakimu hizo. Karani wa pili hakupunguza kazi. Wawili walichelewa zaidi ya mara 700 kuliko mmoja aliyeachwa afanye kazi peke yake. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Wahandisi wa LMAX walichukua uamuzi uliowashangaza wengi katika fani hiyo. Kazi ya moyo wa soko, yaani kukutanisha mnunuzi na muuzaji, waliiachia uzi mmoja tu. Nyuzi nyingine zilipewa kazi za pembeni, kama kupokea pakiti, kuweka kumbukumbu na kutuma majibu. Uzi huo mmoja, kwa mujibu wa maelezo yaliyochapishwa mwaka huo, uliweza kushughulikia oda milioni 6 kwa sekunde.

JINSI KAZI INAVYOGAWIWA

Kutokana na uzoefu wa namna hiyo, wasanifu wa programu za kupeleka pakiti hufuata kanuni chache.

Ya kwanza ni kwamba kila kitu kiwe na mwenyewe mmoja. Kadi za mtandao za kasi kubwa huja na foleni nyingi za kutumia, siyo moja. Kila uzi hupewa foleni yake ya kutuma, daftari lake na sehemu yake ya kumbukumbu. Hapo hakuna wa kumngoja mwenzake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na nyuzi mbili hazifai kuandika mahali pamoja.

Hata ujirani una hasara zake. Prosesa nyingi husoma kumbukumbu kwa mafungu ya baiti 64. Hesabu za nyuzi mbili tofauti zikiangukia katika fungu moja, viini vitanyang'anyana fungu hilo ingawa hakuna anayegusa hesabu ya mwenzake. Mtambo hupunguza mwendo, na anayetafuta kosa halioni, kwa kuwa programu inatoa majibu sahihi. Wasanifu wazuri huacha nafasi tupu katikati kwa makusudi.

Kanuni ya pili ni kutunza mpangilio. Oda ya kununua ikifuatwa na oda ya kufuta, haifai ya pili itangulie. Pakiti zikigawiwa makarani ovyo, mwenye kasi atampita mzito, na mpangilio utaharibika. Kwa hiyo kadi ya mtandao hufanya hesabu fupi juu ya anwani za kila pakiti, na pakiti zote za mkondo mmoja huelekezwa kwa uzi uleule. Wateja tofauti huhudumiwa sambamba, lakini kila mteja hubaki na karani wake. Aidha, masoko huweka namba za mfululizo kwenye taarifa zake. Mpokeaji akiona namba 104 imefuata 102, anajua 103 imepotea na anaomba itumwe tena. Utaratibu wa Nasdaq uitwao MoldUDP64 hufanya kazi hivyo.

Kanuni ya tatu ni kusafirisha kwa mafungu. Kila mara programu inapoiomba kompyuta itume kitu, kuna gharama ya safari ambayo haitegemei sana wingi wa mzigo. Kumi zikienda kwa safari moja, gharama hugawanyika kwa kumi. Lakini hapa pana mtego. Ukisubiri fungu lijae, pakiti ya kwanza inazeeka. Ni kama abiria wa kwanza katika basi lisiloondoka mpaka lijae. Ufumbuzi ni kuchukua kilichopo na kuondoka. Soko likiwa baridi, pakiti moja huondoka mara moja. Soko likiwa moto, zinazojikusanya wakati uzi ukituma fungu la kwanza huondoka pamoja katika safari inayofuata.

Ya nne ni kukesha mlangoni. Kwa kawaida kompyuta hulala mpaka kadi ya mtandao iigutushe kwamba pakiti imefika, na kuamka huko huchukua muda. Katika mitambo ya kasi, uzi haulali. Hukagua foleni bila kukoma, usiku na mchana, hata soko likiwa limefungwa. Intel ilianza mwaka 2010 kazi ya programu iitwayo DPDK ambayo hufanya hivyo na kuiruka kabisa sehemu ya kati ya mfumo wa kompyuta. Mwendo hupatikana, ila kiini kizima cha prosesa hutumika kwa asilimia 100 muda wote, na umeme wake hulipiwa. Gharama hiyo haikosi kuonekana katika vitabu vya kampuni.

FOLENI IKIJAA

Kati ya uzi unaopokea na uzi unaotuma huwekwa foleni, mara nyingi ya mduara: nafasi zenye idadi maalumu, na ya mwisho ikijazwa, hurudiwa ya kwanza. Uzuri wake ni kwamba mwekaji mmoja na mchukuaji mmoja wanaweza kuitumia bila kufuli. Swali zito ni moja: nafasi zote zikijaa itakuwaje?

Majibu ni machache. Unaweza kumwambia mtumaji apunguze mwendo, au kutupa pakiti mpya, au kutupa za zamani. Kwa bei za hisa, pengine bei ya zamani haina thamani tena na inaweza kutupwa. Kwa oda ya mteja, hakuna inayofaa kutupwa hata moja. Anayesanifu lazima aamue mapema. Asipoamua, mtambo utamwamulia siku ya msongamano.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye Agosti 22, 2013. Kwa maelezo ya Nasdaq yenyewe, mtambo wa kusambaza bei ulikuwa umejaribiwa mwezi Januari mwaka huo na kuonekana unamudu taarifa kama 10,000 kwa sekunde katika kila mlango wa data. Siku hiyo soko jingine, NYSE Arca, liliunganishwa na kukatika zaidi ya mara 20, na kila lilipounganishwa lilirundika taarifa. Taarifa zilifika zaidi ya 26,000 kwa sekunde katika kila mlango. Mtambo wa akiba ulipaswa kushika kazi mara moja, lakini kosa lililokuwa limejificha katika programu liliuzuia. Mtambo ulijaribiwa kwa mzigo uliotarajiwa, na msongamano ulikuja zaidi ya mara mbili na nusu ya huo.

HESABU INAYOKIMBIWA

Mwaka mmoja kabla ya hapo, soko hilohilo lilipata msiba wa aina nyingine. Ijumaa, Mei 18, 2012, hisa za Facebook zilikuwa zinauzwa sokoni kwa mara ya kwanza, bei ya toleo ikiwa dola 38. Mtambo wa Nasdaq ulitakiwa kukusanya oda zote, kukokotoa bei ya kufungulia, kisha kuhakiki kwamba oda hazijabadilika wakati wa kukokotoa. Zikiwa zimebadilika, unakokotoa upya.

Kwa matoleo madogo utaratibu huo haukuwa na shida. Siku ile watu walikuwa wengi mno. Ukokotoaji ulichukua sehemu za elfu za sekunde, na katika muda huo mfupi mtu fulani alikuwa amefuta oda yake. Mtambo ukaanza upya. Kabla haujamaliza, mwingine naye akafuta. Ukaendelea kuzunguka hivyo kuanzia saa tano na dakika 5 asubuhi mpaka mafundi walipouondoa uhakiki huo, na biashara ikaanza saa tano na nusu.

Kwa nje mambo yalionekana yametengemaa. Ndani, zaidi ya oda 30,000 zilikwama kwa zaidi ya saa mbili. Wenye oda hizo hawakujua kama wamenunua au hawajanunua, wamefuta au hawajafuta. Anayeshika hisa bila kujua hawezi kuziuza bei inapoteremka. Mwaka 2013 Nasdaq ilitozwa faini ya dola milioni 10 na mamlaka ya mitaji ya Marekani, ambayo pia iliidhinisha mpango wake wa kuwafidia madalali kwa kiasi cha dola milioni 62.

Kosa hapa halikuwa uchache wa nyuzi wala udogo wa kompyuta. Kazi mbili, kukokotoa bei na kupokea mabadiliko, zilishika kitu kimoja bila kukubaliana ni lini mlango unafungwa. Msanifu anayefuata kanuni ya mwenyewe mmoja angepiga picha ya oda zote kwa wakati mmoja, akakokotoa bei kutokana na picha hiyo, na kila anayechelewa akaingia katika hesabu inayofuata.

MWEKEZAJI MDOGO AFANYEJE

Masoko yetu nayo yameingia katika mkondo huu. Soko la Nairobi liliacha mtindo wa madalali kutangaza bei kwa sauti ukumbini na kuanza kutumia mtambo mwezi Septemba 2006. Soko la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, nalo lilihamia kwenye kompyuta. Wingi wa oda zetu ni mdogo sana ukilinganishwa na wa New York, na hakuna anayegombea nanosekunde. Lakini siku ya toleo kubwa la hisa, watu wanapotuma maombi na malipo kwa simu kwa wakati mmoja, msongamano hufuata sheria zilezile.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha kwa kampuni inayojisifia mtambo wake, au kabla ya kumkabidhi dalali oda kubwa siku ya pilikapilika, mwekezaji aulize maswali haya.

Moja, mtambo ulijaribiwa kwa mzigo wa mara ngapi ya siku yenye kazi nyingi kuliko zote? Jibu la "unamudu mzigo wa kawaida" halitoshi.

Mbili, pakiti au oda iliyochelewa kuliko zote ilichukua muda gani? Wastani hupendeza, lakini huficha. Oda 99 zikipita kwa sekunde moja na moja ikakwama saa mbili, mwenye hiyo moja hafarijiwi na wastani.

Tatu, foleni ikijaa, kinachotupwa ni nini, na mteja anaarifiwaje?

Nne, mtambo wa akiba ulishika kazi lini mara ya mwisho, kwa majaribio ya kweli?

Tano, wakiongeza viini maradufu, kazi huongezeka kwa kiasi gani? Kampuni iliyopima itataja tarakimu. Isiyopima itasifu kompyuta zake.

Mwekezaji hahitaji kujua kuandika programu ili aulize maswali hayo, kama vile mnunuzi wa lori hahitaji kuwa fundi makanika ili aombe kuliona likipanda mlima na mzigo. Akijibiwa kwa tarakimu, na azipime. Akijibiwa kwa idadi ya nyuzi tu, na arudishe mkono mfukoni.